Panya mu plafo ya Alima

Jamila weee, dada yangu Alima angali anatapika!

Alikwangulisha rangi ya zamani ya mabonge-mabonge ku plafo, ile dari ya salo. Djibril, mupakaji rangi, akaweka mastiki ya kuziba matundu, akasugua mpaka ikakuwa laini kabisa.

Leo wakwe zake wamekuja kula. Harufu! Alima akafikiri ni samaki ya soko ya Kituku. Mara funza ikaanguka mu sahani ya papa mukwe. Funza, Jamila! Muzima!

Alima akachoma plafo pale juu na muti ya fagio. Panya ya kuoza ikaanguka mu sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Akapigia Djibril: «Hii panya uliiona?»

«Niliiona, mama. Ilikuwa imeziba tundu muzuri, nikapaka tu juu.»

Imeziba tundu muzuri!!

Na papa mukwe alikuwa amefika ku sahani ya pili ya ile sombe.