Karatasi Iliyogandishwa kwa Uji wa Muhogo

Kwa Mungu anayeona hata machozi yasiyotoka, sifa na utukufu. Mama Masika, mke wangu mpendwa, nakusalimu kwa amani ya Kristo, pamoja na wote waliokutangulia. Sisi huku Butembo tunaamka, tunasali, tunakwenda. Sina habari kubwa kuliko hiyo, ila moja.

Unakumbuka siku kile kitabu cha uraia cha darasa la sita kilipofika. Ulikuja nacho nyumbani umekikumbatia, ukanikuta nachambua maharagwe, ukasema, "Papa Masika, ona! Batu ba kwetu beko mu kitabu." Jina la kijiji ulikozaliwa, upande wa Beni, lilikuwa limechapwa katika somo la vijiji vilivyoshambuliwa hata watu wake wakakimbia. Kaka yako amezikwa huko, na tangu mlipokimbia hukupata kufika kaburini kwake. Ulipitisha kidole juu ya jina lile kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa.

Furaha hiyo haikudumu. Shule yetu ni ya Serikali, lakini inaongozwa na Kanisa, na kila upande una neno lake. Mjumbe wa Serikali alisema somo lile linavunja moyo wa askari. Ofisi ya Kanisa nayo ikakataa somo lililokuwa nyuma ya karatasi hiyo hiyo, juu ya mwili wa msichana anapokomaa, kwamba hilo ni jambo la nyumbani. Watu wasiopatana hata juu ya rangi ya lango la shule wakapatana juu ya karatasi moja. Walimu mkaamriwa kuigandisha na karatasi jirani zake, mbele na nyuma, kwa uji wa muhogo.

"Mama Mwalimu, hatukatae ukweli," mkurugenzi wa shule alikuambia, "lakini wakati haiko muzuri."

Ukamjibu, "Muhogo? Basi, Directeur, panya ndio batasoma wa kwanza."

Na kweli, panya walikula pembe zake.

Uligandisha, kwa maana ulikuwa mtii. Lakini kila mwaka mlipofika hapo, uliwasimamisha wanafunzi wote, kimya, kwa kadiri ya muda ambao ukurasa ule ungesomwa. Kisha ukasema, "Mukae. Tuendelee." Nilikuuliza maana yake. "Somo liko," ulisema. "Ni kinywa tu ndio hakuna."

Sasa umelala, na vitabu vipya vimekuja. Karatasi ile haimo. Namba za kurasa zinafuatana. Baada ya somo la mito linakuja la bendera, na hakuna hata kovu la uji ambalo mtoto angeuliza habari zake. Mjukuu wetu Kavira yuko darasa la sita mwaka huu. Padri akaniomba mimi, katekista mzee, niviombee vitabu hivyo mbele ya wazazi na mbele ya mjumbe mpya, aliyeletwa kutoka mkoa mwingine. Nilijua kwamba nikivibariki na kuketi, kijiji chako kimekwisha machoni pa Kavira.

Maishani sikuwahi kumpinga padri. Nilisimama, nikafanya ishara ya msalaba, nikanyamaza.

"Papa, tunakungojea," padri alininong'oneza.

"Ninaomba, Padri."

Upande wa nyuma ukumbini walikuwamo kaka na dada wa wanafunzi, waliopita mikononi mwako. Walielewa. Akasimama mmoja, kisha benchi zima. Mjumbe alidhani ndiyo desturi yetu. Akasimama naye, akavua kofia. Padri alisimama wa mwisho, akitazama viatu vyake. Nikangoja hata ukurasa wako ukamalizika, nikasema Amina, na vitabu vikagawanywa.

Usidhani nilifurahi. Sikuona hasira wala faraja. Mikono yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Tangu ulipoondoka ndivyo nilivyo, hata mbele ya Ekaristi. Nakuandikia hivyo kwa sababu sijawahi kukuficha neno.

Jioni Kavira aliniuliza mimi babu yake, "Sokulu, ulikuwa unaomba nini ile wakati yote?"

Nikamwambia afungue kitabu chake pale mito inapoishia na bendera inapoanzia. Nikamtajia jina la kijiji chako, na jina la kaka yako, na njia mliyokimbilia. Somo la upande wa nyuma nimemwachia mama yake, Masika binti yetu, maana ulimi wangu hauliwezi.

"Nisimame?" aliuliza.

"Hapana, mjukuu wangu. Kaa. Leo kinywa kiko."

Mama Masika, Mungu akupe pumziko lisilo na kukimbia tena. Awalinde pia wote watakaosoma barua hii, wao na walio chini ya paa lao, wala wasikose mtu wa kuwatajia walikotoka.

Mimi mumeo,
Papa Masika