Koili ya Kufukuza Popo

Dionis, upo? Nimeaibika leo, sijapata kuaibika hivi.

Unaijua ile mashine yangu ya kufukuza popo darini kwa sauti ya juu mno, ambayo sikio la mtu haliipati. Koili yake, ule waya wa kuviringwa, niliizungusha mwenyewe. Ndani yake nikatia kile kijiti cheusi cha redio ya kijiji, ile tuliyoifungua mimi na wewe darasa la usiku kule Kigwa, enzi za Ujamaa. Ukikisukuma ndani sauti inashuka, ukikivuta nje inapanda.

Nilikivuta taratibu mpaka mlio wake, ile filimbi nyembamba, ukapotea. Nikasema tayari, hapa binadamu hasikii.

Siku tatu mjukuu analia. Siku tatu! Nikamwambia mkwe wangu Mwamvita kwamba hajui kulea.

Leo asubuhi kamfunga mtoto mgongoni, anampeleka hospitali. Kafika mlangoni, kasimama.

“Baba, samahani. Tukirudi, unaweza kuizima kidogo hiyo filimbi?”

“Filimbi gani?”

“Hiyo, Baba. Inalia tangu Ijumaa.”

Tangu Ijumaa, Dionis!

“Mbona hukusema?”

“Nitamwambiaje baba mkwe azime kazi yake?”

Nikazima. Mtoto akanyamaza pale pale. Mimi sikusikia chochote kikibadilika. Chochote! Filimbi ilipotea kwenye masikio yangu tu.

Sasa sikiliza. Mwamvita akapiga magoti, akaniomba radhi kwa kuchelewa kusema.

Nami, mzee mzima, nikamjibu: “Nimekusamehe.”