Sokwe Aliyepigiwa Makofi

Mjukuu wangu Achieng,

Barua yako imeletwa na shangazi yako kutoka soko la Busia. Huku Kisoko tu wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Unauliza kama unaweza kurudi nyumbani kabla hujapata kazi.

Nilipokuwa msichana nilipika katika hifadhi ya wanyama karibu na Tororo. Siku moja aliletwa sokwe mzee aliyestaafu sarakasi. Tukampokea kama tunavyompokea mgeni yeyote, kwa makofi. Maskini, akapinduka kichwangomba, kisha akanyoosha mkono aombe ndizi. Tukafurahi, tukapiga tena, naye akarudia mpaka akaanguka akihema.

“Acheni, nyinyi!” akafoka Mama Nafula, mtunzaji wake. “Anadhani asipocheza hapewi chakula!”

Tukaacha, lakini kwa miezi aliendelea kupinduka kabla ya kula. Asubuhi moja nilimpa ndizi, akaipokea tu, akaketi kando yangu kwenye nyasi, akala polepole. Nililia.

Achieng, njoo hivyo ulivyo. Hakuna atakayekuuliza umeleta nini. Kila gari likisimama barabarani, babu yako huacha jembe na kutazama nani anashuka.

Nyanya yako anayekungoja