Mimi Ndiye Niliyekuwa Sifuri

Shoga, acha unachofanya, usome.

Unajua kila asubuhi mimi ndiye hukaa wa kwanza kwenye mashine yetu ya kupima vumbi la mionzi mwilini. Kipimo changu ndicho sifuri. Kinachozidi hapo ndicho tunachosema mtu amebeba.

Leo kaja mkaguzi, mama mmoja mpole. Akaniuliza, “Na wewe dada, nani alikupima akakuona safi?”

Nani? Hakuna! Bosi akadakia, “Huyu? Mzima kama chuma!”

Kama chuma, shoga.

Mkaguzi akapanga madumu ya maji safi kwenye kiti changu. Mashine ikashuka chini kabisa. Nikakaa mimi, ikapanda. Nikaoga, nikabadili nguo, ikapanda vilevile. Kumbe limo ndani: ni mboga ninazokula za bustani yangu, zilizonyeshewa na ile mvua iliyoshuka na vumbi la mionzi.

Yaani kila mtoto niliyemwambia mama yake “nenda naye, yuko salama,” kipimo chake tulikipunguza kwa uchafu wangu mimi. Nimechoka hata kulia siwezi.

Na mwanao yumo. Mlete kesho nimpime upya. Mboga nilizokupa zitupe.

Matusi njoo nayo, nitayasikiliza huku nampima.