Ayala Ana Kiu

Kinondo,
Februari 1998

Dada yangu mpendwa Mbodze,

Shikamoo dada. Hujambo wewe, shemeji hajambo, watoto je? Ningelikuja mwenyewe, lakini barabara ya huko kwenu imekatwa na mvua hii ya Elinino. Kibwana muuza samaki ameniambia tumbo la kuhara limeingia hata kwenu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mwandiko wangu waujua, shule niliiacha mapema. Soma mpaka mwisho, dada.

Damaris wangu unamjua kwa maswali. Kanisani alisikia neno ayala, katika ile zaburi ya ayala aioneaye shauku mito ya maji, akarudi kunisumbua, mama, ayala ni nini? Mimi sikujua. Akamwendea mwalimu wa kanisa, Bwana Gilbert, yule mtu wa bara, akaambiwa ni dume la mnyama kama kulungu, mwenye pembe za matawi, huku kwetu hayuko, na ni neno la zamani ambalo watu hawalisemi tena ila katika maandiko. Mama mkwe, bibi Kache, alicheka akashika mbavu. Akasema marehemu mumewe alikula kulungu wa Shimba maisha yake yote na hakuna aliyemheshimu kwa kumwambia anakula ayala. Damaris naye hakukoma. Beberu la bibi likawa ayala, jogoo ayala, hata babake, Ziro, akirudi kutoka kazini hotelini kule Galu aliitwa Baba Ayala. Tulicheka sana.

Kisha mvua ikatia maji ya vyoo kisimani. Damaris akaanza kuhara na kutapika. Mama mkwe akasema yale yale tuliyoambiwa sisi tukiwa wadogo, kwamba anayehara asipewe maji, maana anywayo ndiyo ayatoayo, aachwe tumbo likauke. Akaufunika mtungi. Mtoto akiomba maji bibi anamkemea, na anamkemea kwa mapenzi, haki ya Mungu simlaumu. Basi mtoto akaacha kuyataja maji. Akanivuta leso, akaninong'oneza kwamba ayala ana kiu. Macho yalikuwa yameingia ndani, dada. Nikamwambia ayala avumilie mpaka kesho.

Hakuiona kesho. Tumemzika hapa nyumbani.

Siku ya maziko Bwana Gilbert alitaka kusoma maneno yale ya zaburi ya ayala, kwa kuwa mtoto aliyapenda. Nikamwomba asiyasome. Akadhani neno limenishinda, akanieleza taratibu mbele ya watu, kwamba mama, ni dume, ni mnyama mwenye pembe. Nikaitikia tu, ndiyo mwalimu.

Hili sasa sijamwambia mtu, hata Ziro. Baada ya matanga alipita nesi wa zahanati, akasema wanaohara wanauawa na kukosa maji, wanyweshwe maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi. Watu wanasema ni maradhi yaliyomchukua. Dada, nilikuwa nimekaa kando ya mtungi, kata iko mkononi mwangu.

Najua huko watakuambia nini, na mama yetu atakuwa wa kwanza. Wewe mnyweshe mtoto. Wakikukemea, mnyweshe. Akitapika, ngoja kidogo umpe tena kwa kijiko. Usingoje ruhusa ya mtu.

Nisalimie shemeji, na mama mpe shikamoo yangu, lakini barua usimsomee. Nijibu upesi kwamba wote wanakunywa.

Mdogo wako,
Rispah, mamake Damaris