Barua za Baba kwa Mistari Mitatu

Kambini, 7 Julai

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, mifupa yote ipo mahali pake. Wewe hujambo? Tumbo limetulia? Mwambie shangazi nimeshaanza kumkumbuka, hata kelele zake.

Baba, kila kitu hapa ni bure kweli. Nilidhani tukishafika watatoa daftari la michango, lakini wapi! Kitanda bure, chakula bure, na kila mwanafunzi ana kompyuta yake mezani. Tuko sitini kutoka vyuo mbalimbali. Mwenzangu wa chumbani anasomea kilimo, na anakoroma kama ametumwa. Simu zetu wamezifungia kabatini kwa wiki zote nne, ndiyo maana nakuandikia. Ofisi inayo simu, ila ni ya dharura tu.

Tunafundishwa kuitumia akili bandia kwa kazi za kweli, si kucheza nayo. Kila mmoja anatakiwa achague tatizo moja, alitafutie dawa, na mwishoni aionyeshe kazi yake mbele ya wageni. Watano watakaofanya vizuri wataajiriwa. Mimi ninayesomea utunzaji wa nyaraka, kazi ambayo watu hudhani ni kupangusa vumbi kwenye mafaili, natamani mno kuwa mmoja wao. Niandikie barua ndefu, kama unavyojua wewe.

Mwanao,
Pini


Nyumbani, 11 Julai

Mwanangu Pini,

Marahaba, na tena marahaba. Pokea salamu zangu, za shangazi yako, na za cherehani zote mbili. Usinicheke kwa urefu wa salamu. Mimi siwezi kukata kitambaa kabla sijakipiga pasi, na siwezi kusema habari za kazi kabla sijajua mtu wangu yu hali gani. Je, lile jino la nyuma limeacha kuuma? Unalala? Blanketi linatosha, au nikutumie lile la mistari? Unakula ukashiba, au unaona haya kuongeza? Mimi sijambo. Tumbo bado linanisumbuasumbua. Nimeahidi kwenda kwa daktari, maana shangazi yako ameshanichosha kwa kunisukuma.

Sasa kazi. Shule ya msingi imeniletea oda ya sare mia moja na ishirini. Nakata asubuhi, nashona mchana, na mgongo unadai haki yake. Nilikuwa nikijua meno ya bandia na nywele za bandia. Akili ya bandia ndiyo kwanza naisikia. Ikibaki kidogo tuletee huku. Wa kwanza kupewa awe mpangaji wetu wa chumba cha mbele, aliyevaa suruali nyuma mbele akaja kuniambia nimekosea kipimo.

Samahani kwa karatasi hii ya kukatia, ndiyo iliyokuwa karibu na mkono.

Baba yako


Kambini, 15 Julai

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu darasani mpaka nikaulizwa kulikoni! Barua yako, ndefu kama mguu wa suruali, imekuwa maarufu kambi nzima. Mwalimu alipouona mwandiko wako alisema mashine ikiweza kusoma huu, itasoma chochote.

Basi hapo ndipo nilipopata tatizo langu. Ofisi zimejaa barua ndefu za mkono ambazo hakuna mwenye muda wa kuzisoma. Mimi naipiga barua picha, akili bandia inausoma mwandiko, halafu inanipa mistari mitatu tu. Nimeifunza iache ya kawaida, ibakize ya maana. Hata yako imeiweza! Niandikie nyingine haraka, nahitaji barua za kufanyia majaribio.

Mwanao,
Pini


Nyumbani, 18 Julai

Mwanangu Pini,

Marahaba. Salamu nyingi kutoka kwetu, na uifikishie hiyo mashine pia, maana naona sasa mnanisoma wawili. Hujambo wewe? Hukunijibu habari ya jino, wala ya blanketi. Kuna baridi huko? Mimi sijambo kiasi. Nilikwenda kwa daktari. Ameona uvimbe tumboni na hataki kungoja, nitapasuliwa Alhamisi, tarehe 31. Hakunificha: huenda nikatoka, huenda nisitoke. Naingia wodini Jumatano mchana. Naogopa, Pini. Ningependa nikuone Jumatano hiyo kabla sijaingia, hata kwa saa moja. Wakikunyima ruhusa niambie tu, sitanuna. Natumaini hali yako ni njema kuliko yangu, na kwamba unakunywa maji.

Baada ya salamu, mambo ya kazi. Sare zimekwisha zote, na mwalimu mkuu amekuja kuzihesabu mwenyewe utadhani mimi nazila. Mkanda wa cherehani kubwa ulikatika, nimeweka mpya. Mpangaji wa mbele amehama. Ile suruali ameniachia, eti nimpe mtu mwenye umbo la ajabu.

Baba yako


Kambini, 22 Julai

Baba,

Shikamoo. Naandika mbiombio. Hongera kwa kumaliza sare, na pole kwa mkanda. Eti mpangaji amehama! Sasa utamtania nani?

Hapa hatupumui. Jumatano, tarehe 30, ndiyo siku yangu ya kuonyesha kazi. Ni siku kubwa kuliko zote kwangu, baba, siwezi kuikosa, litokee litakalotokea. Nisipoandika tena mpaka ipite usikasirike. Najua wewe utanielewa.

Mwanao,
Pini


Nyumbani, 29 Julai

Mwanangu Pini,

Marahaba. Salamu zetu zote. Nimekaa na barua yako siku tatu ndipo nikapata la kuandika. Nimekuelewa. Siku ya kwanza niliumia, sitakudanganya. Shangazi yako alitaka kupiga simu ofisini kwenu, nikamkataza. Nilimwambia mtoto ameshaulizwa na ameshajibu, tusimvute shati mara mbili. Siku ya pili nikakumbuka ni mimi niliyekutia kichwani kwamba kazi ya watu haiachwi katikati. Basi ulinisikia. Leo nimebaki na wasiwasi mmoja, jino. Mpaka sasa hujaniambia.

Nilikukatia koti la rangi ya majivu. Nilitaka ulivae kesho, lakini mikono imekuwa mizito. Liko juu ya meza ya kukatia, limebaki vifungo tu. Kesho saa nane naingia wodini. Na wewe huko usimame wima, useme kwa sauti, na usishikeshike sikio ukiona haya.

Baba yako


Nyumbani, 10 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo.

Barua yako ya mwisho ilifika kambini nikiwa nimeshaondoka, wameileta jana. Nimeisoma kwa macho yangu, neno kwa neno. Ngoja nikueleze, kwa sababu umeondoka ukiamini kwamba uliniuliza na mimi nikakataa.

Nilipoifunza ile mashine iache ya kawaida, niliiandikia hivi: "Ruka salamu na habari za afya." Nilijua barua zote huanza vilevile. Barua yako ya tarehe 18 niliipiga picha bila kuisoma, nikapokea mistari mitatu. Sare zimekwisha. Mkanda umebadilishwa. Mpangaji amehama. Nikafurahi, nikaijibu hiyo mistari mitatu tu.

Jumatano niliionyesha barua hiyohiyo ukutani mbele ya watu mia mbili, mwandiko wako umekuzwa, kila herufi kubwa kama sahani, na kando yake ile mistari mitatu. Mimi nilisimama nimeupa ukuta mgongo. Nilisema kwa sauti, sikushika sikio. Wageni walikuwa wakitazama mistari mitatu, wakapiga makofi, na nikawa wa kwanza. Watu walipoanza kutawanyika, mpishi wa kambi, aliyekuwa amesimama mlangoni na aproni yake, akaja akanishika mkono.

"Mwanangu, mbona bado uko hapa? Si unangojwa leo?"

"Nangojwa na nani, mama?"

Alinyoosha kidole ukutani, pale juu, mwanzoni kabisa. Yeye alikuwa ameanza kusoma pale mtu anapoanza kusoma barua.

Nilikusoma hapo, baba. "Naogopa, Pini." Ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni. Ofisini walinipa simu, lakini ya shangazi ilikuwa imezimwa. Gari la mwisho lilikuwa limeondoka. Nilipanda la alfajiri, nikafika hospitali saa nne. Ulikuwa umeingizwa chumba cha upasuaji saa mbili. Tulikaa na shangazi kwenye benchi mpaka saa saba, daktari alipotoka kutuambia. Umekufa bila kujua kwamba nilikuja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si jingine.

Mwalimu alikuja kutupa pole. Nilimuuliza mashine ilikosea wapi. Akasema haikukosea, ilifanya nilichoiambia. Nafasi ya kazi nimepata, bado sijawajibu. Shangazi amesema amenisamehe, ila akinipa chai anatazama kikombe.

Vifungo vya koti nimetia mwenyewe. Cha chini kimekaa kombo, ungekifumua mara moja. Nitalivaa hivyohivyo.

Sasa salamu, ambazo ningeanza nazo. Jino liliacha kuuma tangu wiki ya kwanza. Blanketi lilitosha, baridi haikuwa kali. Nilikula nikashiba, na niliongeza bila haya. Maji nakunywa. Na ile Jumatano, baba, kabla hujaingia: ndiyo, nakuja.

Mwanao,
Pini