Moshi wa Sigara Kwenye Gari la Mwalimu

MAELEZO YA SHAHIDI (MARA YA PILI)

Jina: La kitambulisho limo kwenye jalada. Mtaani naitwa Mdomo.
Umri: Miaka 31. Dada yangu anadai 33.
Kazi: Naita wateja kwenye gereji ya shemeji yangu. Pia nauza vipuri, miwani na chochote kisichooza.
Makazi: Chumba cha uani, kwa dada yangu huyo huyo.

Afande, jana niliandikisha maelezo hapa. Naomba yale yafutwe.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, mwalimu mmoja alileta gari lake gereji. Taa ya injini inawaka, na ndani kunanuka petroli. Nikamwambia, "Mwalimu, gari lako limelewa." Akacheka. Shemeji, ambaye ndiye fundi, hakucheka. Yeye hucheka sikukuu.

Akapima kwa mashine, ikasema mvuke wa petroli unavuja. Mvuke ule hautakiwi kutoka nje, unapita kwenye mipira hadi kwenye kikopo chenye mkaa, halafu injini inaunywa. Akabadilisha mfuniko wa tangi. Taa ikarudi. Akakagua valvu, nzima. Akasema, "Kuna ufa kwenye mpira. Tuutafute kwa upepo na sabuni."

Yaani mimi napampu kwa pampu ya baiskeli mbele, yeye yuko chini ya gari nyuma, anapaka sabuni kwenye mipira aone patakapotoa mapovu. Alikuwa na taa yake ya waya, aliyoiunga mwenyewe.

Tulianza saa nne. Hadi saa tano na nusu, hola. Mikono imekufa. Nikasema, "Shemeji, gereji kubwa wanapuliza moshi, tundu linajionyesha lenyewe."
Akajibu, "Wana mashine. Wewe una mdomo. Pampu."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilijiambia moshi ni moshi tu. Nikawasha sigara, nikavuta, nikapuliza kwenye mpira. Mara tano hivi.

Shemeji akaita, "Mdomo! Moshi wa nini huu juu ya tangi?"
Nikasema, "Wa kwangu, shemeji! Si nilikwambia?"

Afande, nilifurahi. Miaka sita nabeba spana pale, sijawahi kupata kitu kabla yake. Nikakimbia nyuma nikauone huo ufa. Sigara ilikuwa mkononi.

Alipiga kelele, "Rudi! Zima!" Nilikuwa nimeshainama.

Moto haukusema hodi. Mimi niliruka, niliungua nyusi tu, kama mnavyoniona. Yeye alikuwa chini. Nilimvuta kwa miguu. Mikono yote miwili imeungua, na fundi ni mikono.

Jana mliponiuliza, nikasema ni taa yake ya waya iliyotoa cheche. Mkasema basi fundi ana kesi ya uzembe. Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza!

Leo saa mbili asubuhi nilikwenda hospitali. Dada alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Akaniambia, "Mdogo wangu, askari wamekuja. Mume wangu kawaambia ni taa yake iliyotoa cheche." Nikamtazama shemeji. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi ule ufa?"
Nikasema, "Pale mpira unapoingia kwenye tangi."
Akasema, "Nilihisi hapo."
Dada hajui. Aliendelea kunipigia makofi mgongoni, ati nilimwokoa mumewe.

Taa haikutoa cheche. Ilikuwa imezimwa. Aliizima mwenyewe aliposikia harufu imezidi, akawa anapapasa kwa vidole.

Nimesema yote niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, na safari hii ni ya kweli.

Sahihi: (dole gumba la kulia)

Maelezo ya askari: Nimeyachukua mimi, koplo wa zamu, tarehe 11 mwezi wa sita, saa 4:20 asubuhi. Nimemwonya kwamba kuanzia sasa si shahidi tena. Alijibu, "Najua, afande." Ametoa kiberiti cha gesi mfukoni bila kuulizwa, akaomba dada yake aambiwe na yeye mwenyewe, si na polisi.